Mjomba, nimechoka na maabara. Kiwandani watanitaka?

Shikamoo Mjomba,

Safu yako nilianza kuisoma nikiwa Mlimani, mwaka wa kwanza, na sikufichi, nilikuwa naruka kila barua isiyohusu mapenzi. Leo naandika mimi, na barua yangu haina mwanaume ndani yake, kwa hiyo wasichana wa mwaka wa kwanza wataniruka. Sawa tu.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nina miaka 31. Kwa sasa niko Jena, Ujerumani, mwaka wa nne wa uzamivu wa fizikia. Kazi yangu ni tando nyembamba: ndani ya mtambo wa ombwe, yaani uliotolewa hewa yote, napaka kioo tabaka juu ya tabaka, kila moja ina unene wa nanomita chache, ili kiakisi mwanga wa aina fulani na mwingine kiuache upite. Tasnifu natakiwa kuikabidhi mwezi wa tisa. Kabla ya kuja huku nilikuwa mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja cha nyumbani. Niko likizo ya masomo, na nilisaini mkataba kwamba nikimaliza nitarudi kukitumikia chuo.

Shida yangu, Mjomba, ni kwamba sitaki tena. Fizikia bado naipenda. Yanayonitisha ni maisha yanayokuja baada yake.

Maabara yetu ina kaka mmoja, posdoki, yaani mtafiti wa mkataba aliyekwisha maliza uzamivu, ana miaka 39 na watoto wawili. Mkataba wake umeongezwa mara tano, na huu wa sasa unaisha Desemba. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni anachovya kifuko cha chai kwenye kikombe cha tatu, kifuko kile kile, macho yako dirishani. Nikamuuliza vipi. Akasema anahesabu miezi. Huyu ndiye mtu mwenye akili kuliko wote niliowahi kukaa nao chumba kimoja. Kama yeye anahesabu miezi, mimi nitahesabu nini?

Basi tangu Januari naomba kazi kwenye makampuni, kimyakimya. Nimetuma maombi 23. Kumi na tisa wamenijibu kwa barua ile ile ya kunitakia heri, watatu kimya, mmoja akaniita kwenye usaili. Dada aliyenisaili alianza na swali moja: "Unaweza kutufanyia nini?" Nikafungua slaidi zangu za mkutano nikamweleza tasnifu kwa dakika ishirini. Kwenye dakika ya saba hivi nilimwona ameweka kalamu chini. Wasifu wangu nimeuambatanisha uuone. Una kurasa sita na machapisho mawili.

Na kusema kweli sina cha kujivunia. Wenzangu wana machapisho manne, matano. Mimi mwaka wa pili ulinipotea wote: mtambo ulikuwa unavuja, nikakaa miezi saba natafuta tundu. Miezi saba bila data hata moja. Mtu akiniuliza nilifanya nini mwaka ule, sina jibu la kuweka kwenye karatasi.

Halafu kuna mama. Pale sokoni Muheza wameshaanza kumwita Mama Daktari, naye jina amelipokea kwa mikono miwili. Nilijaribu kumdokeza kwenye simu kwamba labda nitafanya kazi kiwandani. Akanyamaza, kisha akasema, "Tumekusomesha miaka yote hiyo urudi kule kule?" Kwake kiwanda ni mashine ya kukamua mkonge, ile ambayo watu wa mashambani waliiita korona miaka mingi kabla ya ugonjwa kuja. Baba aliifanyia kazi miaka kumi na minane, akastaafu na vidole tisa.

Msimamizi wangu sijamwambia lolote. Naogopa akijua naondoka ataacha kusoma sura zangu.

Je, mimi ni msaliti? Na kama si msaliti, naanzia wapi?

Nusu Daktari, Jena

*

Marahaba mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale: miezi saba. Umeiandika kama mtu anayemwaga majivu nje, haraka haraka, upepo usije ukamrudishia. Mimi nimerudi kuyachambua majivu hayo, kwa sababu na mimi niliwahi kuwa na mtambo unaovuja, na siku zake nazijua.

Asubuhi unafunga, unawasha pampu, unasubiri. Kipimo kinashuka, kinashuka, kisha kinagoma palepale kilipogoma jana. Unachukua kibomba cha heliamu unaanzia juu kabisa ya mtambo, maana heliamu ni nyepesi na hupanda. Ukianzia chini itapanda yenyewe iingie tundu la juu, nawe utakilaumu kiungo kisicho na kosa. Unapuliza kiungo kimoja, unahesabu hadi thelathini, jicho kwenye kigunduzi cha heliamu kilichounganishwa na mtambo. Hakuna kitu. Kiungo kinachofuata. Ukivimaliza vyote unarudia, huenda ulikuwa na papara. Unafungua, unabadilisha pete za shaba, unapangusa kwa spiriti, unafunga, halafu siku mbili nyingine za kusubiri unyevu utoke kwenye kuta. Kwangu mimi, baada ya wiki tisa, mchawi alikuwa unywele mmoja uliolala juu ya mpira wa kuzibia. Unywele wangu mwenyewe, enzi hizo nilikuwa nazo.

Sasa sikia. Kiwandani mtambo ukisimama, kila saa ina bei. Mtu anayeweza kukaa mbele ya mashine iliyogoma bila kutaharuki, asibadilishe vitu vitatu kwa mpigo, aandike kila alichojaribu, na awapunguze washukiwa mmoja mmoja hadi abaki na mmoja, huyo wanamtafuta kwa tochi mchana. Wewe umeifanya kazi hiyo miezi saba, tena bila wa kukupigia makofi, halafu unaniambia huna cha kuweka kwenye karatasi!

Na angalia ulipo. Mashine za kisasa kabisa za kuchapa chipu (za kompyuta, mama asije akadhani za viazi) hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo hupatikana kwa kuyapiga leza matone madogo ya bati, matone 50,000 kila sekunde. Hewa inaumeza. Kioo cha lenzi nacho kinaumeza. Ndiyo maana njia nzima ya mwanga imewekwa ndani ya ombwe, na unaongozwa kwa vioo vya kuakisi vilivyopakwa molibdenamu na silikoni, makumi ya tabaka, kila moja nanomita chache. Mashine hizo huundwa na ASML ya Uholanzi. Vioo hutoka Zeiss, ambao leo makao yao makuu yako kusini mwa Ujerumani lakini kampuni ilizaliwa hapo hapo Jena mwaka 1846. Jimbo la jirani, mjini Dresden, pamejaa viwanda vya chipu, na Agosti 2024 waliweka jiwe la msingi la kingine cha TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, na wabia wake wa Ulaya. Rudi usome ulivyojitambulisha kwangu: ombwe, tabaka, nanomita, kuakisi. Sikuahidi kazi kwa yeyote kati ya hao. Ninachouliza ni hayo maombi 23 uliyapeleka wapi, na yalisema nini.

Yalichosema nimekiona, maana wasifu wako ninao hapa. Ukurasa wa kwanza una kichwa cha tasnifu cha mistari mitatu, kisha orodha ya mikutano, kisha bango ulilobandika ukutani kwenye semina moja ya kiangazi. Neno "ombwe" nimelikuta ukurasa wa nne. Tundu halipo kabisa. Mpwa wangu, yule anayepanga maombi mezani hafiki ukurasa wa nne. Hata wa pili anafika akiwa ameshika kikombe cha kahawa.

Kurasa mbili, basi. Na kila mstari ueleze shida, ulichofanya, na kilichobadilika. Badala ya "uchunguzi wa sifa za macho za tando zenye tabaka nyingi," andika kwamba mtambo wa ombwe ulikuwa umesimama, ukaukagua kiungo kwa kiungo kwa heliamu, ukapata chanzo, na tangu hapo unashika shinikizo linalotakiwa. Weka na namba yenyewe, kabla na baada. Andika umewafundisha wanafunzi wangapi kuuendesha. Andika programu ulizoandika za kusoma vipimo, kwa Python au kwa chochote ulichotumia. Kama uliandika utaratibu wa ukaguzi ambao maabara inautumia hadi leo, huo ni mstari wa juu kabisa. Kama hukuuandika, uandike wiki hii, na tasnifu isubiri siku mbili.

Usaili nao ni hivyo hivyo. Yule dada alikuuliza utawafanyia nini wao, wewe ukamjibu ulichojifanyia mwenyewe. Sikulaumu, miaka minne yote umefundishwa kuongea na watu sita duniani wanaojua unachozungumzia. Ila kuanzia leo simama mbele ya kioo na saa: dakika mbili, tundu tu. Lilivyoanza, ulivyodhani, ulivyokosea, ulivyolipata. Ukifika pale ulipokosea usipaharakishe, pale ndipo kalamu inaposhikwa tena.

Kuna jambo hukulisema popote, nami kimya chako nimekisikia: Kijerumani. Maabara za vyuo huko zinamdekeza mtu kwa Kiingereza, mtu anamaliza miaka minne anajua kuagiza mkate tu. Kiwandani fundi wa zamu ya usiku anakupigia kwa Kijerumani cha kwao, tena cha haraka, mashine ikiunguruma nyuma yake. Kama hujafika kiwango cha B1, yaani cha kati, jiandikishe kabla hujatuma ombi la 24. Hili ndilo naliona limekuponza zaidi ya machapisho.

Muda unao, kiasi. Usiache uzamivu ukiwa umebakiza sura. Wajerumani cheo cha udaktari wanakithamini hata kiwandani, na ukimaliza sheria yao inakuruhusu kuomba kibali cha kukaa hadi miezi 18 utafute kazi inayolingana na elimu yako. Ila ajira zao ni za pole pole, barua mwezi wa tatu, usaili wa tano, mkataba wa saba. Anza sasa.

Je, ni msaliti? Hapo hapo Jena, Ernst Abbe alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu kama wewe. Mwaka 1866 fundi Carl Zeiss akamfuata, maana hadubini zake zilikuwa za kubahatisha, lenzi hii ikikataa jaribu ile. Abbe akaingia karakanani na hesabu zake, na mwaka 1873 akatoa kanuni ya ukomo wa kile hadubini inachoweza kuona, ambayo nadhani umeipita mara mia imechongwa kwenye mnara wake mjini. Kanuni hiyo iko kwenye kila kitabu cha optiki, na ilitoka kwa mtu aliyekuwa anahangaika na shida ya fundi. Kiwanda chake kilianzisha siku ya kazi ya saa nane mwaka 1900, habari ambayo baba yako pale mkongeni angependa kuisikia. Na Charles Kao alikuwa mwajiriwa wa maabara ya kampuni ya simu huko Harlow, Uingereza, alipoandika mwaka 1966 kwamba nyuzi za kioo kisafi zinaweza kubeba mawasiliano mbali. Nobeli ya fizikia alipewa mwaka 2009, mwaka ule ule mkongo wa chini ya bahari ulipotua Mombasa na Dar es Salaam. Hata ile simu aliyonyamaza mama, kuna kazi ya Kao ndani yake.

Wapo wanaofaa kubaki chuoni, na nisingemwandikia kila mtu hivi. Wanaamka usiku na swali. Nimelitafuta swali lako kwenye barua, sikuliona. Nimeona mtambo, jikoni, kalamu, sokoni. Macho yako yako kwenye vitu na watu. Na huyo kaka wa kifuko cha chai hana uvivu wala bahati mbaya ya peke yake. Sheria ya huko inaruhusu vyuo kumwajiri mtafiti kwa mikataba ya muda miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake, na nafasi za kudumu ni chache. Anahesabu miezi kwa sababu kuna mtu mwingine anayeihesabu.

Sasa mkataba wako wa kurudi. Hapa sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Uliusaini kwa hiari, mshahara wa likizo ya masomo umeula, na kuna wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokaa ngazini kwa sababu mwalimu wa kuwafundisha hayupo. Utoe sandukuni, usome kifungu kwa kifungu: miaka mingapi, kiasi gani cha kurejesha ukivunja, na zaidi ya yote, nani alikudhamini. Maana ukikimbia, barua ya madai haitakwenda Jena. Itakwenda Muheza, kwa mjomba au kaka aliyeweka saini yake chini ya yako. Nimeona ukoo umeacha kusalimiana kwa jambo hili.

Kwa hiyo andika chuoni kabla hujasaini popote. Waulize kuhusu kuahirisha, kuhusu kulipa kwa awamu, kuhusu kutumikia kwa namna nyingine. Wakikataa, rudi utumikie ulichosaini au lipa. Njia ya tatu ya kuzima simu usiichukue. Mimi nilirudi, nikafundisha miaka mitatu, nikaondoka na barua yenye muhuri, na leo nazunguka hospitalini kupima kama mashine za eksirei zinatoa dozi inayostahili. Nyumbani nako kuna milango, ingawa haibandikwi matangazo: Tume ya Nguvu za Atomiki, TBS (Shirika la Viwango) na mizani zake, hospitali ya saratani ya Ocean Road wanaohitaji wanafizikia wa tiba ya mionzi, benki na kampuni za simu zinazotafuta watu wa data, na hapo Nyeri, Kenya, kuna Semiconductor Technologies wanaojaribu kutengeneza chipu wakiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Mshahara hautalingana na wa Ujerumani, usijidanganye. Lakini huendi kufa njaa.

Msimamizi mwombe nusu saa, uende na ratiba ya sura zilizobaki. Mweleze kwamba utamaliza Septemba na kisha unataka viwanda. Wengi wa wanaomaliza uzamivu wa fizikia huko huishia nje ya vyuo, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kumwambia, na huenda wanafunzi wake wa zamani ndio wanaokaa upande wa pili wa meza ya usaili. Akinuna, ana ratiba mkononi.

Mama. Kwanza, hilo neno kiwanda usilitumie tena. Kwa Kiswahili cha mkongeni lina damu ndani yake, na kila ukilitaja anaona kidole cha baba. Siku utakayoingia chumba safi, kile kisichotakiwa hata chembe ya vumbi, na vazi jeupe hadi kisigino, kofia, barakoa, glavu mbili mbili, omba mtu akupige picha umtumie. Atadhani uko chumba cha upasuaji. Usimkatalie siku hiyo hiyo. Na jina la Mama Daktari halina mtu wa kumvua, udaktari hautolewi kwa sharti la kubaki darasani.

Wasifu ukifika kurasa mbili, nitumie tena. Na uniambie, maana barua nzima umenificha: tundu lilikuwa wapi?

Mjomba wako